Subiri Ikauke

Jina lake halisi lilibaki kwenye cheti cha kuzaliwa na midomoni mwa dada zake. Hospitalini, kuanzia mlinzi wa getini hadi daktari wa usingizi, walimwita Bi Subiri, na jina hilo alikuwa amelipata kihalali. Kazi yake ilikuwa kuandaa ngozi. Mgonjwa akishalazwa mezani na kuchomwa sindano yake, kabla kisu hakijagusa mtu, Bi Subiri ndiye aliyesogea na koleo lililobana kipande cha shashi, akakichovya kwenye dawa ya kahawia, akaanza kupaka. Alianzia pale kisu kitakapopita akazunguka kwenda nje, duara baada ya duara, wala hakuirudisha shashi katikati ilikotoka, maana ingerudi na uchafu wa pembeni. Akimaliza alirudi nyuma, akakunja mikono yake yenye glavu kifuani, akasema, "Subiri ikauke."

Nao wakasubiri. Dawa ikiwa mbichi bado haijamaliza kazi. Inahitaji muda wake juu ya ngozi ili iue vijidudu, na spiriti iliyochanganywa humo ikibaki majimaji inaweza kudaka cheche ya mashine ya umeme ya kuzuia damu, mgonjwa akaungua akiwa amelala. Hakuna daktari pale aliyebishana na hilo. Mmoja alitumia nafasi hiyo kunyoosha shingo, mwingine kuuliza nani ameshinda mpira jana.

Kwa Bi Subiri muda huo ulikuwa nchi nyingine kabisa. Alikuwa mtu wa kuota macho wazi tangu utotoni. Mama yake alimpiga vibao visivyo na idadi kwa ajili ya maziwa yaliyofurika jikoni huku yeye amesimama pale pale akiutazama mvuke. Sasa alikuwa mtu mzima, na serikali ilimlipa mshahara kwa kutazama kitu kikikauka. Taa kubwa ilishuka juu ya ngozi iliyolowa, ngozi ikameremeta, kisha mng'ao ukaanza kujiondokea taratibu kutoka pembeni. Sauti za chumbani zikawa mbali. Akaona humo mashamba ya rangi ya udongo, njia nyembamba za mikunjo, kilima cha goti, na mtu mdogo sana akitembea peke yake kuelekea kitovuni. Mng'ao ulipotoweka wote, naye akarudi chumbani, akatikisa kichwa kumruhusu daktari.

Tatizo lake moja lilikuwa nyuso. Nyuso zilikaa upande wa pili wa pazia, na yeye hakushughulika nazo. Siku moja sokoni mama mmoja alimkumbatia katikati ya mafungu ya nyanya.

"Sista! Ina maana umenisahau?"

Bi Subiri akachekacheka kwa aibu, hana habari. Mwishowe yule mama akafunua blauzi kidogo pembeni ya kitovu.

"Aaah, mwenye baka kando ya kitovu! Hujambo, mwanangu? Mshono ulipona vizuri?"

Muuza nyanya aliacha kupima, akawatazama wote wawili kwa mashaka makubwa.

Mumewe ndiye aliyekuwa na nyuso. Alikuwa kinyozi, na duka lake lilikuwa chumba kimoja cha mbele ya barabara chenye vioo viwili vinavyotazamana, feni yenye kelele, na kiti kizito cha chuma kinachopanda na kushuka kwa kukanyagwa. Alijua kila shavu la mtaa ule na kila siri iliyotoka chini yake. Mkewe alimwita Mzee tangu hajawa mzee, naye alimwita Bibie hata walipogombana.

Walikutana juu ya tumbo la mtu. Zamani zile hospitali ilikuwa na desturi ya kumwita kinyozi wodini kila jioni. Mgonjwa wa kesho alinyolewa leo kwa wembe, ngozi ikabaki laini kama ya mtoto mchanga, na watu wote waliamini kwamba laini ndiyo safi. Kijana kinyozi alikuja na kimfuko chake: brashi, sabuni, mkanda wa kunolea, na wembe wenye mpini wa mfupa ambao hakuutumia dukani. "Huu ni wa wagonjwa," alisema. Nesi msichana alisimama upande wa pili wa kitanda na beseni na dawa yake. Yeye ananyoa, huyu anapaka. Kazi ya dakika chache waliinyoosha mpaka chakula cha jioni cha wodini kikapoa, wakiulizana habari za nyumbani kana kwamba hapo katikati hakuna mtu.

Alikuwepo mtu. Alikuwa seremala mmoja mzee mwenye ngiri, na jioni moja alifumbua macho akasema, "Jamani, kama mnaoana, oaneni. Mimi tumbo linapata baridi."

Wakaoana. Seremala walimwalika, akaja, akakaa mstari wa mbele, akacheka harusi nzima huku ameshika tumbo. Picha yake ipo mpaka leo ukutani sebuleni, mdomo wazi, mikono miwili juu ya koti.

Halafu desturi ikabadilika. Asubuhi moja Sista Mkuu aliwakusanya wauguzi akawaeleza kwamba imegundulika wembe huacha mikwaruzo, mingine midogo hata jicho haliioni, na kuanzia jioni ya kunyoa hadi asubuhi ya upasuaji vijidudu huingia humo, vikakaa, vikazaana. Tangu siku hiyo nywele ziachwe zilivyo, na zikizuia kazi zipunguzwe kwa mashine, siku ile ile. Wembe basi.

Bi Subiri alirudi nyumbani na maneno hayo kama mtu aliyebeba kaa la moto kiganjani. Alimkuta mumewe ameketi barazani ananoa wembe wa mfupa kwa ajili ya wodi, anapiga mluzi. Akamtazama. Moyo ukamkataa.

"Mzee, usijisumbue tena kwenda jioni," alisema. "Wamenunua mashine."

Na kweli walikuwa wamenunua. Nusu ya ukweli nayo ni ukweli, alijiambia, akaingia ndani kupika.

"Mashine!" Kinyozi alicheka. "Mashine itajua kuzunguka kitovu?" Lakini aliukausha ule wembe, akauviringisha kwenye kitambaa, akaufungia kwenye droo, wala hakumnyoa nao mtu mwingine.

Miaka ikaenda. Kinyozi husimama, na anaposimama huegemea mguu mmoja. Wake ulikuwa wa kulia. Goti lilianza kwa kulalamika asubuhi, likaendelea kulalamika mchana, mwisho likawa halinyamazi. Alitafuta kigoda kirefu, akawa ananyoa amekaa, akiwaomba wateja wainame huku na kule, mpaka mmoja akamwambia, "Mzee wangu, nimekuja kunyolewa au nimekuja kuswali?" Wateja wakacheka, kisha wakaanza kupungua. Jioni alikaa barazani mguu juu ya stuli, akilitazama duka lake kwa upande.

"Bila goti jipya, Bibie, nakiuza kile kiti," alisema siku moja. Alisema kwa sauti ya chini, na Bibie akajua hatanii.

Goti jipya lilikuwa la daktari wa viungo, bingwa aliyekuja kutoka mbali mara chache kwa mwaka, akawafanyia upasuaji watu wachache, akaondoka. Alimchunguza kinyozi, akatazama picha za mifupa, akamwandikia siku. Akawaambia pia kwamba goti limeharibika sana, na kadiri wanavyongoja ndivyo mguu utakavyozidi kupinda. Nyumba ile ilijaa furaha. Kinyozi alianza kuwaambia wateja kwamba akirudi atawanyoa akiwa anacheza muziki.

Muuguzi wa kliniki ndiye aliyempa maelekezo: aoge kwa sabuni maalumu jioni na asubuhi, asijipake mafuta, na asinyoe mguu. Kinyozi alisikiliza akitabasamu, kama mtu anayeelekezwa njia ya kwenda kwake mwenyewe. Sabuni alielewa. Mafuta alielewa. Lile la kutonyoa aliliona ni la watu wasiojua kunyoa.

Siku ilipofika, Bi Subiri hakuruhusiwa kushika kazi. Ndiyo sheria ya pale: ndugu au mwenza akiwa mezani, wewe uko nje. Alimwendea mumewe kwenye chumba cha kusubiria, kitandani nyuma ya pazia la kijani, amevalishwa lile gauni linalofungwa mgongoni. Macho yalikuwa yanamcheka.

"Sogea, Bibie. Nina zawadi yako."

Akavuta gauni. Goti lilikuwa jeupe kwa usafi, halina hata unywele mmoja, limenyolewa kutoka pajani hadi nusu ya ugoko.

"Ule wa wagonjwa," alinong'ona. "Jana jioni, ulipokuwa zamu. Nikasema, siku yangu mimi mashine haitanigusa. Nimejiandaa kama zamani. Sasa wewe uje upake."

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Bi Subiri aliinama. Mbele palikuwa salama, lakini pembeni ya goti na kule nyuma kwenye kikunjo, ambako macho ya mtu mwenyewe hayafiki, palikuwa na mistari myembamba ya damu iliyokauka, na kandokando yake vipele vidogo vimeanza kuwa vyekundu.

Hakuna aliyekuwa ameona. Mwenzake wa zamu alikuwa bado ananawa mikono. Ile dawa ya kahawia, ambayo aliijua kuliko mtu yeyote, ingefunika kila kitu kwa mzunguko mmoja wa shashi, na daktari wa viungo alikuwa anaondoka kesho. Kwa muda alisimama pale, chumba kikaanza kwenda mbali kama kawaida yake. Akayaona yale mashamba ya rangi ya udongo na yule mtu mdogo anayetembea. Safari hii alikuwa anachechemea.

"Bibie? Hukuipenda?"

"Nimeipenda," alisema, na ilikuwa kweli, akatamani kulia. "Lala kidogo. Narudi."

Akaenda kumwita daktari.

Daktari wa viungo alikuja, akapiga magoti sakafuni ili aone vizuri, akagusa kwa ncha ya kidole. Alikuwa mtu mpole. "Mzee wangu, leo hapana," alisema. "Naweka chuma ndani. Vijidudu vikiingia na chuma, kuvitoa ni kazi, na tukishindwa tunapoteza mguu. Ngozi ipone kwanza. Nikirudi, wewe ni wa kwanza."

"Kwa sababu ya wembe?" aliuliza kinyozi.

"Kwa sababu ya wembe. Ndiyo maana tuliuacha zamani."

Kinyozi aligeuza kichwa polepole mpaka akampata mkewe, aliyekuwa amesimama kwenye ncha ya pazia.

"Uliniambia wamenunua mashine."

"Walinunua," alisema Bi Subiri.

Baada ya hapo kimya kilihamia kwao. Kinyozi hakugomba; angegomba ingekuwa nafuu. Alikula, alishukuru kwa chakula, alikaa barazani. Duka alilifungua saa anazotaka. Ndevu zake mwenyewe akaziacha zikaota, nyeupe na nyeusi, zikamfunika mpaka wapita njia wakamuuliza kama kuna msiba. Mikwaruzo ilipona upesi, ngozi ikafunga, nywele za mguu zikarudi. Habari zilipokuja kwamba daktari wa viungo amepanga tarehe ya kurudi, Bi Subiri alizileta nyumbani mbio, hata viatu hajavua.

"Sitaki," alisema kinyozi. "Waambie wampe mwingine."

"Mzee, na kiti?"

"Kiti nitakiuza."

Bi Subiri akaingia jikoni, akawasha jiko, akasahau alichotaka kupika. Alimwogopa mume aliyenyamaza kuliko alivyowahi kumwogopa mtu yeyote mwenye kisu. Siku hizo hata kazini dawa ilikauka akiona dawa tu. Yale mashamba yalifungwa.

Jioni moja mvua ilinyesha wakajikuta wote wawili sebuleni, yeye anakunja nguo, kinyozi amekaa chini ya zile picha za harusi. Mvua ilikuwa nyingi, bati likavuma, na sauti ya kinyozi ilipokuja Bi Subiri alidhani kwanza ni ya redio ya jirani.

"Wale niliowanyoa," alisema. "Walikufa?"

Bi Subiri aliiweka nguo chini. Angeweza kumpa nusu nyingine ya ukweli, lakini alikwishaona nusu inavyomaliza mtu.

"Wengi walipona," alisema. "Wako ambao mshono ulitunga usaha, wakakaa wodini muda mrefu, na wako ambao hawakutoka. Tulisema ni bahati mbaya. Nani wa wembe na nani wa jambo lingine, sijui, Mzee. Hakuna anayejua."

Kinyozi alitikisa kichwa. Kisha akainua kidole akakielekeza ukutani, kwa yule mzee aliyecheka mdomo wazi.

"Seremala?"

"Mshono wake ulifumuka mara mbili," alisema Bi Subiri. "Alikuja harusini kidonda hakijafunga. Nilimfunga bandeji mwenyewe asubuhi ile."

Wakaitazama picha. Mikono miwili juu ya koti. Kwa miaka yote hiyo waliwaambia wageni kwamba huyu hapa ndiye aliyecheka mpaka akashika tumbo.

"Alikuwa anaumwa," alisema kinyozi.

"Alikuwa anaumwa, na alikuwa anacheka. Vyote viwili. Alikataa nisikwambie." Akasogea akakaa sakafuni karibu na lile goti. "Na mimi sikupaka ukuta, Mzee. Nilipaka juu ya mikwaruzo yako. Niliiona kila jioni. Nikiweka dawa mtu anasema ssss, namwambia jikaze. Ungekuwa wewe peke yako ningekwambia siku ile ile. Nilishindwa kwa sababu tulikuwa wawili, kila mtu upande wake wa kitanda. Nikikwambia wewe najiambia na mimi."

Mvua ikaendelea na kazi yake. Kinyozi akaweka mkono juu ya kichwa cha mkewe, mkono wa kinyozi, unaojua kichwa, akauacha hapo. Alilia bila kelele, ndevu zikalowa, na Bi Subiri akalia naye. Walipomaliza giza lilikuwa limeingia na hakuna aliyeinuka kuwasha taa.

"Hiyo sabuni yao," kinyozi alisema baadaye, akipangusa pua. "Bado ipo?"

Ilikuwepo. Siku ya kuamkia upasuaji, jua halijazama, Bi Subiri aliweka stuli uani, akamkalisha, akaleta maji ya vuguvugu na kitambaa kipya. Akamwosha mguu kuanzia pajani hadi kwenye vidole, akaliacha povu likae, akasuuza, wala hakuna mafuta yaliyofuata.

"Ona aibu hii," alisema kinyozi akiutazama ugoko wake. "Mguu wa kinyozi umeota manyoya kama beberu."

"Mwache beberu wa watu," alisema mkewe, na huo ulikuwa mzaha wao wa kwanza tangu siku ile.

Kesho yake waliingia naye, na Bi Subiri akabaki kwenye benchi la ndugu, korido ya nje. Hakuwahi kulikalia. Lilikuwa gumu, na ukuta wa nyuma yake ulikuwa na alama za vichwa vya watu wote walioegemea hapo wakingoja. Mkoba wake aliukumbatia. Alijua kila kitu kinachoendelea nyuma ya milango ile na kujua hakukumsaidia hata kidogo. Sasa anachomwa sindano ya ganzi ya mgongoni. Sasa mashine inapunguza nywele, taratibu. Sasa mwenzake anachovya shashi. Anaanzia katikati. Anazunguka. Korido ikaanza kwenda mbali, na yale mashamba, ambayo hakuyaona tangu mume aliponyamaza, yakafunguka yenyewe ukutani mbele yake: udongo wa kahawia uliolowa, kilima cha goti, mng'ao unaojiondokea kutoka pembeni. Yule mtu mdogo alikuwa amesimama kando ya njia. Hakuwa na haraka.

Aliyemrudisha ni mwenzake wa zamu, aliyetoa kichwa mlangoni, barakoa chini ya kidevu, macho yamejaa maji ya kicheko.

"Bi Subiri, huyu mzee wako!"

Akainuka na mkoba ukaanguka. "Ana nini?"

"Hana kitu. Wameshaanza, anaendelea vizuri. Ila si amechomwa ganzi ya mgongo, yuko macho? Nimempaka, tumengoja, imekauka kabisa, daktari ananyoosha mkono apewe kisu. Tukasikia mtu anapaza sauti nyuma ya pazia: 'Subiri ikauke!'"

Bi Subiri akashika ukuta.

"Nikamwambia, baba, imeshakauka. Akasema, 'Mke wangu hajasema.'"

"Na daktari?"

"Daktari akarudisha mkono. Akasema tumheshimu mzee. Tukasubiri tena, wote, kimya." Mwenzake akapandisha barakoa ili arudi ndani, akamtazama. "Bi Subiri? Unacheka au unalia?"

Bi Subiri alikuwa ameketi tena kwenye benchi la ndugu, mdomo wazi, mikono yote miwili ameshika tumbo.